Somo Lililobaki Nyumba ya Bibi

Katika Ntuzu ya utoto wangu, msichana aliyeanza kuota matiti hakulala tena nyumba moja na baba yake. Alihamia kwa bibi. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa msonge wa nyasi uliosimama upande wa pili wa zizi, na humo tulilala wasichana wa kaya nzima: mimi, dada zangu, na mabinti wa baba zangu wadogo. Leo eneo hilo liko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, lakini wazee wetu bado wanataja Ntuzu, Kanadi, Itilima na Nasa, tawala za watemi walizozikuta walipozaliwa.

Bibi alifundisha usiku, mikono ikiwa kazini, akitenga pamba safi na ile yenye madoa, fifi, kwenye mwanga wa kibatari. Alitufundisha kitambaa cha hedhi: namna ya kukikunja, kukifua na kukianika mahali penye jua lakini pasipo macho ya watu. Alituambia bila kuzunguka kwamba tangu siku ile mwili unaweza kubeba mimba, na mimba inapatikanaje. Alitutajia kaswende na kisonono kwa majina ya Kisukuma, akaeleza dalili zake kwa mwanamume na kwa mwanamke. Alituambia pia maneno ambayo kijana huyasema jioni na kuyasahau asubuhi. Tukicheka, alingoja tumalize, kisha akaendelea palepale alipoachia.

Wasukuma hatuna unyago kama watu wa pwani, wala jando. Huko pwani msichana huwekwa ndani, akakabidhiwa kwa kungwi, akafundwa kwa ngoma na nyimbo. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, ulimwengu ulimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa wanawali. Kwetu hapakuwa na siku moja ya namna hiyo. Somo lilitolewa kidogokidogo kwa miaka kadhaa, na kila msichana alisikia kiasi kilicholingana na umri wake. Wavulana walikuwa na mahali pao, shikome, moto wa jioni uani ambapo babu na baba walikaa na vijana baada ya kuswaga ng'ombe. Walichoambiwa huko sikukisikia, maana sikuruhusiwa kukaa. Kaka zangu wanasema yalikuwa zaidi mambo ya ng'ombe, mashamba na ushujaa, na ya wanawake yalipitiwa kwa mafumbo.

Nayaeleza haya kwa sababu kila ninaposimama kwenye mkutano wa wazazi, Dutwa au Nkololo, husimama mtu akasema kwamba kumfundisha mtoto mambo ya uzazi ni desturi ya kigeni. Anasema wazee wetu walinyamaza. Nimezaliwa humu na nimefundisha humu zaidi ya miaka 40, na ninasema wazee wetu hawakunyamaza. Ukimya huu ndio mgeni, na alivyoingia twaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Kabla ya kumfuata, sitaki mtu anielewe kwamba zamani kulikuwa peponi. Ilikuwepo chagulaga. Siku ya gulio au ya mbina, ngoma zetu, vijana wa kiume walilizunguka kundi la wasichana na kulifuata njia nzima wakisema, "Chagulaga, mayu," chagua mmoja wetu. Watu wengi husimulia desturi hiyo wakicheka, kama mchezo wa ujana, na kwa wengine kweli iliishia kwenye ndoa njema. Lakini ilikuwa na mlango mmoja tu. Msichana aliruhusiwa kuchagua yupi. Kuwakataa wote hakukuwa na nafasi yake. Aliyekataa alifuatwa hadi giza likaingia, na wako walioshikwa kwa nguvu. Bibi alitufundisha kumtambua kijana mchapakazi na kumwepuka mgomvi. Kwamba naweza kurudi nyumbani bila kumchagua yeyote, hilo hakunifundisha, kwa sababu naye hakuna aliyemfundisha. Somo lake lilituandaa kuwa wake za watu, kwa mahari ya ng'ombe, na mengi hayakwenda mbali zaidi ya hapo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mila ililiona vizuri kuliko shule zilizokuja baadaye. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikaa na watemi na wazee akaandika sheria zao, na kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kikatoka mwaka 1953. Kwa sheria hizo, mtoto wa msichana asiyeolewa alikuwa wa ukoo wa mama yake, mpaka mwanamume atakapotoa malipo ya kumchukua. Mtoto alikuwa na zizi la kuhesabiwa, na msichana alibaki nyumbani kwao. Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini mwenye kudaiwa alikuwa mwanamume. Nitakuja kwenye jinsi deni hilo lilivyohamishwa.

Hatua ya kwanza ya ukimya ilitoka ziwani. Mwaka 1909 Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nasa, kando ya Ghuba ya Speke, kutoka kwa Church Missionary Society. Nasa sasa iko Wilaya ya Busega, mkoa wetu huuhuu. Wamisionari wale walileta kusoma na dawa, na mimi mwenyewe ni tunda la kusoma huko. Ila waliokata shauri la kubatizwa walitakiwa kuacha pombe, mitala na ngoma, na pamoja na ngoma wakaacha kila kilichoizunguka. Baba yangu mdogo mmoja alipobatizwa, mabinti zake hawakuja tena kulala kwa bibi. Walijengewa chumba nyuma ya nyumba ya bati. Walisali jioni, wakalala. Mmoja wao alipovunja ungo alikimbilia kwangu akilia, akidhani amechanika ndani. Alikuwa na Biblia, alikuwa na sabuni ya mche, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa upande wa Wakatoliki, Padri David Clement wa Bujora, karibu na Mwanza, alizipokea ngoma za Wagalu na Wagika, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, na kujenga makumbusho ya Wasukuma, lakini ngoma ya makumbusho huchezwa mchana.

Hatua ya pili ilikuja na malori. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilitukuta tumetawanyika, kila kaya na uwanja wake, mashamba yake na mlima wake. Tukahamishiwa kwenye vijiji vya mistari, nyumba na nyumba zikitazamana. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na shule kweli zilikuja. Lakini katika kiwanja kidogo cha kijiji, mtu alijenga nyumba moja ya vyumba viwili. Msonge wa bibi haukuwa na mahali. Wazee wengine walikataa kuhama, wakafa peke yao kwenye mahame. Familia nyingine zilifuata malisho Meatu, zikaendelea hadi Rukwa, na bibi akabaki nyuma au akafika akiwa mgeni katika nyumba ya mkwe.

Hatua ya tatu ilikuwa shule yenyewe. Mwaka huohuo, Novemba, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na kufikia 1977 mpango ulianza kwa nguvu. Nikaajiriwa mwaka 1978, mwalimu wa Daraja la Tatu C, katika madarasa yaliyojaa watoto wa rika zote. Darasa la saba niliwakuta wasichana wa miaka 16 na 17. Mtoto aliyekuwa akishinda na mama na bibi sasa alishinda nasi, toka alfajiri ya namba hadi jioni ya shamba la shule. Tulimchukua mchana wake wote. Tulimpa Kiswahili, Hisabati, Siasa na Elimu ya Kujitegemea.

Shamba la shule lilikuwa la pamba, na humo nilifundishia Sayansi. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe lenye umanjano kidogo, na kesho yake limegeuka rangi ya waridi. Nilichuma moja, nikalichana kwa wembe, nikawaonyesha petali, stameni, chavua na ovari, na jinsi chavua inavyofika kwenye ovari, tumba likafungwa. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na watu?" Mtaala uliishia kwenye ua. Mimi nikamjibu, kwa maneno ya bibi yangu, pale pale kwenye matuta. Siku iliyofuata baba yake alikuja ofisini, amevua kofia.

"Mwalimu, nimekuletea mtoto asome. Mambo hayo anaye mama yake wa kumwambia."

"Baba, mama yake ameshamwambia?"

Akakaa kidogo. "Mama yake hawezi, Mwalimu. Ni mwiko mama kumwambia mwanae. Kazi hiyo ni ya bibi."

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko Meatu."

Yote yako ndani ya mazungumzo yale. Mama na binti wana haya baina yao, na haya hiyo ni heshima, siidharau. Ndiyo maana mila ilimweka mtu wa tatu. Mtu wa tatu alipoondoka, kila mmoja alimtazama mwenzake: mzazi akadhani ni mwalimu, mwalimu akadhani ni mzazi, na mtaala ukabaki kwenye ua la pamba.

Sasa lile deni. Shule ilipogundua mimba, ilimfukuza msichana. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi zikaliandika jambo hilo: kosa dhidi ya maadili na kuolewa vikawa sababu za kumwondoa mtoto shuleni. Wasichana walipangwa mstari, wakapimwa, wakati mwingine kwa kuminywa tumbo tu. Nimewaona wakitoka getini na sanduku la bati kichwani. Aliyempa mimba, kama ni mwanafunzi mwenzake, alibaki mara nyingi. Kama ni mtu mzima, alipeleka ng'ombe kwa baba na yakaisha. Mila ilimdai mwanamume, shule ikamdai msichana. Kwangu huo ndio ubaya mkubwa kuliko yote katika historia hii, na uliandikwa na watu waliosoma.

UKIMWI ulipoingia, serikali ililazimika kufungua kinywa. Wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na haukupita muda mrefu kila mkoa ukawa na wake. Mabango ya mafuvu yakabandikwa zahanati. Watoto walijifunza neno kondomu kabla ya kujifunza neno hedhi. Kwetu Kanda ya Ziwa kulikuwa na watafiti wengi, na walifanya kazi kubwa: utafiti wa Mwanza ulioanza 1991, uliotangazwa 1995, ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya virusi kwa karibu asilimia 40. Magonjwa aliyoyataja bibi yangu kwenye mwanga wa kibatari.

Kisha ukaja mradi ambao kila mwenye kujadili jambo hili angepaswa kuujua. Uliitwa MEMA kwa Vijana. Ulianza mwaka 1999 katika wilaya za Geita, Kwimba, Misungwi na Sengerema, chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, shirika la AMREF na chuo cha tiba cha London. Kwimba imepakana na Maswa yetu, watu ni walewale. Jamii 20 zilichaguliwa, nusu yake zikapewa mradi: walimu wa darasa la tano hadi la saba wakafundishwa kufundisha afya ya uzazi, vipindi 12 hivi kwa mwaka, kwa maigizo na hadithi, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Kondomu haikuruhusiwa kuonyeshwa darasani. Vijana 9,645 walifuatiliwa hadi 2002, na vijana wa jamii zilezile wakachunguzwa tena baadaye.

Matokeo yalikuwa haya: ujuzi ulipanda, na ulidumu kwa miaka. Mimba na maambukizi ya virusi havikupungua. Nilipoyasikia sikulala vizuri. Wako walioyashika wakasema, mnaona, elimu hiyo haifai. Mimi nilisoma alichokisema mtoto wa Kwimba na nikamwona mtoto wa Bariadi. Msichana aliweza kutaja njia zote za kujikinga. Hakuwa na sketi ya shule, hakuwa na sabuni, na mwanamume wa rika la baba yake alikuwa navyo. Watu wazima wa kijiji hawakuingia darasani na hawakubadilika. Somo lilimpa majina ya hatari, halafu likamwachia barabara ileile kila jioni.

Barabara hiyo ilirefuka baada ya 2006, shule za sekondari zilipojengwa kila kata. Nilijiendeleza, nikahamia mojawapo kama mwalimu wa Baiolojia na malezi. Kata za kwetu ni pana. Mtoto alitembea kilomita kumi, au baba alimpangia chumba karibu na shule, chumba tunachokiita geto. Ndani ya geto: godoro, ndoo, jiko la mkaa, gunia la mahindi la muhula. Msichana wa miaka 14, peke yake, mlango wa bati na komeo la msumari. Gunia likiisha kabla ya muhula, mwenye duka anakopesha unga. Juni vituo vya kununulia pamba vikifunguliwa, fedha zinazagaa, bodaboda zinapishana, na waliokopesha unga wanakuja kudai. Miaka ile redio ilimpa mwanamume wa aina hiyo jina la Fataki, watoto wakalipokea haraka kuliko somo lolote, kwa sababu walishamjua kwa sura.

Na Baiolojia? Mada ya uzazi wa binadamu iliwekwa kidato cha tatu. Kabla ya kufika hapo nilishawazika wawili niliowafundisha, kwa mimba zilizotolewa porini.

Sheria nazo zilivutana. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na kwa kibali cha mahakama hata wa 14. Takwimu za taifa za 2010, Simiyu ikiwa bado ndani ya Shinyanga, zilionyesha asilimia 59 ya wanawake vijana wa mkoa huo waliolewa kabla ya miaka 18, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu hivyo, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa, miaka 30 jela. Niliifurahia. Kisha nikaona familia zikimfundisha binti kuapa kwamba hamjui mhusika, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba mwenye mimba hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, waraka ukatoka. Muhula uliofuata nilimpokea wa kwanza. Alikaa dawati la mbele, umri wake miaka 18, na alitaka kujua zaidi ya wote.

Kuna mabadiliko, nami nayashukuru. Taifa zima, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba walikuwa asilimia 27 mwaka 2015 hadi 2016. Mwaka 2022 walikuwa 22. Baada ya 2010 kampeni za tohara zilifika kwetu, na mvulana wa Kisukuma akakaa kwenye benchi la zahanati akaelezwa mwili wake na mtu mwenye koti jeupe. Mwaka 2018 ikaja chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14. Kijiji kikavuma kwamba inafunga uzazi, na tulizunguka nyumba kwa nyumba, muuguzi na mimi, kueleza. Wanawake wazee ndio waliotuelewa kwanza. Lakini Februari 2023 wizara ilipopiga marufuku vitabu 16 kwa sababu ya maadili, walimu ninaowafahamu waliogopa hata kutundika ukutani mchoro wa nyonga uliomo kwenye kitabu halali.

Ninachodai ni hiki. Somo lianze darasa la tano, kabla ya ungo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, wavulana wakiwemo. Bweni lijengwe kabla ya jengo la utawala. Na katika kila shule awepo mwanamke mzima mmoja ambaye mtoto anaweza kumwambia jambo bila jambo hilo kufika kwa mkuu wa shule kabla ya saa nne.

Nimestaafu, ila mkuu wa shule moja ya kata ananiruhusu kuingia Alhamisi. Nina sanduku la maswali, watoto wanatumbukiza karatasi bila jina. Wasichana huuliza juu ya siku, maumivu, damu iliyochelewa. Wavulana walikawia kuamini sanduku, sasa ndio wanaolijaza. Wiki iliyopita nilifungua karatasi yenye mwandiko wa kukandamiza kalamu: "Mwalimu, msichana akipokea chipsi zako, si amekubali?" Niliandika ubaoni, kwa herufi kubwa, hapana. Wavulana watatu wakasimama kubisha. Msichana mmoja akawauliza, na akipokea kutoka kwa wanne? Darasa likalipuka. Mvulana mwingine akasema babu yake alimwambia lazima achague mmoja. "Kwa nini lazima?" akauliza yule msichana, na safari hii hakuna aliyecheka. Kengele ililia katikati ya jibu la mvulana. Nimempa kipindi chote cha Alhamisi ijayo alimalizie, na yule msichana amjibu.